Kabla ya Koti Jeupe: Vijana Wetu na Mlango wa Wodi

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na ofisi yetu ya maendeleo katika semina ya kamati za parokia za Kibaha na Kisarawe, iliyofanyika Tumbi. Tunayachapisha kwa ajili ya wajumbe ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu walioomba kufahamu zaidi kuhusu kazi hii.

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, wazazi, wafadhili wetu, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma,

Tunajua wengine mmetoka mbali. Kutoka Maneromango au Mzenga hadi hapa Tumbi si safari fupi, na aliyewahi hapa saa tatu asubuhi ameamka kabla ya jogoo.

Kila mwaka, baada ya mtihani wa kidato cha sita, ofisi yetu hupokea barua za aina moja. Mzazi au mwenyekiti wa kamati anaandika kwamba kijana wake amesoma Fizikia, Kemia na Biolojia, anataka kuwa daktari, na anaomba atafutiwe nafasi hospitalini "ili azoee". Neno hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Azoee nini? Kwa faida ya nani? Na nani amfungulie mlango?

Shule na hospitali katika uwanja mmoja

Hapa tulipoketi pana historia yake. Mwalimu Nyerere aliwahi kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka walituachia madaktari 12 na wahandisi 2. Ndipo mwaka 1963, kwa ushirikiano wa serikali yetu na nchi za Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi, ukaanzishwa mradi wa Kibaha. Lengo lake lilikuwa kupambana na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kwa hiyo ardhi moja ilipewa mambo matatu: shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha kufundishia wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali, ukaendelea kama Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha afya kilikua mwaka hadi mwaka, na leo Tumbi ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani.

Mwaka huohuo wa 1963 ndipo pia shule ya udaktari ilipoanza Dar es Salaam, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Tangu hapo vyuo vya udaktari vimeongezeka. Vipo Moshi, Mwanza, Dodoma, Ifakara na kwingineko. Mtoto wa leo ana milango mingi kuliko babu yake.

Lakini tazameni jambo moja. Waliopanga Kibaha waliiweka shule karibu na hospitali. Pamoja na hayo, mwanafunzi anaweza kusoma miaka yake yote jirani na hospitali, akiota udaktari kila usiku, na asiingie wodini hata mara moja isipokuwa siku anapougua malaria yeye mwenyewe. Na huyo ni wa hapa jirani. Yule wa vijiji vya Kisarawe, ambaye wazazi wake wanategemea muhogo na korosho, hospitali kubwa anaiona siku ya msiba.

Kinachotakiwa na kisichotakiwa

Tuwaambie ukweli mapema, ili pasiwe na manung'uniko baadaye. Hapa kwetu, kijana hapati nafasi ya kusomea udaktari kwa sababu amefanya kazi hospitalini. Anaipata kwa ufaulu wake. Anatakiwa awe amefaulu kwa kiwango cha juu masomo yale matatu, aombe chuo kwa utaratibu uliowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kisha ashindane na wenzake. Barua yetu haiongezi hata alama moja. Mjumbe atakayemwambia mzazi kwamba parokia itamwingiza mtoto wake chuoni atakuwa anamdanganya.

Nchi nyingine zina utaratibu tofauti. Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari anatakiwa kufanya miezi 3 ya kazi za uuguzi kabla ya mtihani wake wa kwanza wa taifa. Anatandika vitanda, analisha wagonjwa, anasaidia kuwaogesha. Uingereza, anayeomba nafasi huulizwa amejifunza nini kwa kukaa karibu na wagonjwa au wazee. Kwao jambo hili limo katika taratibu. Kwetu halimo, na kwa sababu halimo, hakuna mtu mwenye wajibu wa kumfungulia kijana mlango.

Basi mlango unafunguliwa na nani? Tuseme wazi: unafunguliwa na kufahamiana. Mtoto wa daktari anakwenda kazini na baba yake wakati wa likizo. Mtoto wa muuguzi anamjua matroni tangu utotoni, anamwita shangazi. Hatuwalaumu, kwani hata sisi tungefanya hivyo kwa watoto wetu. Lakini yule wa Kisarawe hana mjomba hospitalini. Kwake yeye, barua ya kamati ya parokia ndiyo mjomba.

Na kwa nini tuhangaike, ikiwa haiongezi alama? Kwa sababu udaktari ni miaka 5 ya masomo, na baada ya hapo mwaka 1 wa utarajali. Miaka ya mwanzo kwa sehemu kubwa ni ya darasani na maabara. Kijana anaweza kufika mbali, fedha za wazazi na za mkopo zikiwa zimekwisha kutumika, ndipo agundue kwamba hawezi kuvumilia harufu ya kidonda, au kwamba kilio cha mama aliyefiwa kinamfanya akimbie. Ni afadhali ayajue hayo kwa wiki 6 na gharama ya nauli tu.

Kosa tulilolifanya

Tulipoanza kazi hii tulikosea, na tunaona ni vema tuwaeleze ili msirudie. Tulidhani kazi yetu inaishia kwenye barua. Kijana alikuja, tukaandika, tukapiga muhuri, akaenda.

Mmoja wao wazazi wake walimshonea koti jeupe. Walikuwa wamefurahi, na nani asiyefurahi? Akaripoti nalo katika hospitali moja ambayo hatutaitaja. Siku ya pili mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mtoto alimwita "dokta", akamwonyesha chupa ya dawa na kumuuliza ampe mtoto kiasi gani. Kijana aliona haya kusema hajui. Akajibu. Akataja vijiko.

Muuguzi aliyekuwa kitanda cha pili alisikia, akawahi. Mtoto hakudhurika. Kijana alirudishwa nyumbani mchana huohuo, na sisi tukapigiwa simu ambayo hatutaisahau. Tuliambiwa kwa ufupi kwamba yule mama hakukosea kitu. Aliona koti, akaamini.

Tulijitetea moyoni kwamba kijana ndiye aliyejibu. Lakini tulipokaa na kutafakari tuliona kosa ni letu. Tulimtuma mtoto wa watu mahali penye hatari bila kumwambia yeye ni nani pale. Tulikuwa tumemfikiria kijana na ndoto yake, hatukumfikiria mgonjwa. Tangu siku hiyo tunasema hivi: barua ya parokia ni dhamana kwa mgonjwa kwanza, na kwa kijana baadaye. Ndiyo maana vijana wetu hawavai koti jeupe. Wanavaa fulana ya rangi moja na kitambulisho chenye neno MSAIDIZI kwa herufi kubwa, na jibu la kwanza tunalowafundisha ni hili: "Mimi si mtaalamu, ngoja nimwite muuguzi."

Wanafanya kazi gani?

Wazee waliopo hapa wanawakumbuka madresa, wale waliosafisha na kufunga vidonda katika zahanati na hospitali zamani. Wengi wao walianza na ndoo na bandeji, wakajifunza taratibu. Kazi za vijana wetu ni ndogo kuliko hata za dresa, kwa sababu wao hawagusi kidonda.

Wanakaa mapokezi na kumwelekeza mtu aliyetoka kijijini, asiyejua dirisha la kadi liko wapi. Wanasukuma viti vya magurudumu. Wanatandika vitanda visivyo na mgonjwa, wanapanga mafaili wanapoagizwa, wanaketi na mzee ambaye ndugu zake hawajafika. Wanasafisha. Kijana wa kiume aliyepata daraja la kwanza akipewa ufagio, hapo ndipo tunapomfahamu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na wanaona. Hospitali iliyo kando ya Barabara ya Morogoro hupokea majeruhi wa ajali, na ajali haitoi taarifa. Siku kama hiyo msaidizi hana kazi ndani ya chumba cha dharura. Kazi yake ni kusogea pembeni, kuacha njia ya machela wazi, na pengine kukaa na ndugu waliofika mbio bila viatu. Kijana mmoja alituambia kwamba siku hiyo alijifunza kusimama mahali pasipomzuia mtu. Kwetu sisi hilo ni somo kubwa.

Wanaona vilevile mambo ambayo vitabu havisemi sana: mgonjwa aliyeruhusiwa anayekaa kitandani kwa sababu hana nauli, muuguzi mmoja na wagonjwa wengi usiku, daktari mchovu anayejibu kwa ukali, na mwingine mchovu vilevile anayevuta kiti na kuketi kwanza. Kijana anachagua moyoni atamfuata yupi.

Si wote wanaotoka na hamu ileile. Binti mmoja alikuja akitaka udaktari, akaondoka akitaka maabara, kwa sababu alisema anataka kujua jibu kabla ya kuambiwa. Mwingine alama zake hazikutosha kwa shahada. Tulidhani atakata tamaa, lakini wodini alikuwa amewaona matabibu wakihudumia wagonjwa tangu asubuhi, akafahamu kwamba stashahada ya utabibu, ambayo ni ya miaka 3, si kazi ya walioshindwa. Yupo pia aliyeacha baada ya siku 4. Baba yake alikuja kuomba radhi. Tulimwambia hakuna cha kuombea radhi, mtoto ameokoa miaka mitano.

Masharti tunayoomba kamati zifuate

Kwanza, kijana awe ametimiza miaka 18, na mzazi au mlezi akubali kwa maandishi.

Pili, barua iende kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali au kituo, ikiambatana na utambulisho wa serikali ya mtaa au kijiji. Mjumbe asimpeleke kijana kwa mlango wa nyuma kwa kumjua muuguzi. Uongozi ukisema nafasi hakuna, tushukuru na tungoje. Wenye nyumba ni wao.

Tatu, chanjo ya homa ya ini aina ya B. Utaratibu wa kawaida ni dozi 3: ya pili mwezi 1 baada ya ile ya kwanza, na ya tatu mwezi wa 6. Hesabuni wenyewe. Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei. Anayetaka kuingia wodini Julai lazima aanze chanjo likizo ya Desemba au mwanzoni mwa Januari. Kamati nyingi hukumbuka jambo hili Juni, na hapo muda umekwisha. Aidha, wapo wanaoitwa JKT baada ya mtihani. Hao hubakiwa na wiki chache kabla ya vyuo kufunguliwa, na wapangiwe kwa hesabu hiyo.

Nne, asiguse sindano, damu, wala taka za wodi. Ikitokea ajali akachomwa na kitu chenye ncha kali, aoshe mara moja kwa maji na sabuni na aseme saa ileile. Dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI zina maana zikianza mapema, na hazingojei zaidi ya saa 72. Kijana anayeficha kwa kuogopa kufukuzwa anajiweka hatarini. Basi tumwahidi kabla hajaanza kwamba kwa kusema hatafukuzwa.

Tano, simu ibaki kwa msimamizi. Hakuna picha, hata ya kitanda kitupu.

Sita, siri. Hapa tunawaomba mtusikilize kwa makini, maana sharti hili linatuhusu sisi kuliko vijana. Kijana atamkuta jirani yake wodini. Atamkuta mwanakwaya mwenzake kwenye foleni ya kliniki ya dawa za UKIMWI. Jioni atakutana na mjumbe wa kamati, ambaye kwa nia njema kabisa atamuuliza, "Fulani anaumwa nini, tumwombee?" Ndugu zetu, msimuulize. Ombeeni wagonjwa wote. Mgonjwa akitaka kuombewa kwa jina atatuma mwenyewe. Tukimfundisha kijana kwamba siri ya mgonjwa inaweza kutolewa kwa watu wema, tumemharibu kabla hajaanza.

Saba, nafasi hizi si za waumini wetu pekee. Katika mkoa wetu tunaishi Wakristo na Waislamu nyumba kwa nyumba, na wodini tunalala kitanda kwa kitanda. Kamati ipokee ombi la mzazi yeyote, na iwaarifu viongozi wa msikiti wa jirani kwamba nafasi zipo.

Nane, mwisho wa wiki 6 kijana apewe barua ya kweli. Iseme alifanya nini na kwa siku ngapi. Tusiandike kwamba "alitibu" au "alisaidia upasuaji". Barua ya uongo leo ndiyo mama wa daktari bandia kesho.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Wapo walioandika wakitaka kuwanunulia vijana vipima mapigo ya moyo, na tunaelewa upendo uliomo. Lakini kifaa hicho shingoni mwa asiyekijua kinafanya kazi ileile ya lile koti. Tunachohitaji ni vitu vya kawaida: nauli, hasa kwa watokao Kisarawe, chakula cha mchana, viatu vilivyofunikwa, chanjo zote tatu, si moja, fulana mbili kwa kila kijana, ili moja ivaliwe nyingine ikifuliwa, na malazi kwa wasichana wanaotoka mbali, katika familia ambayo kamati imeijua na kuikagua.

Tunaomba pia jambo moja lieleweke. Vijana hawa si badala ya wauguzi. Wodi yenye upungufu wa watumishi inahitaji watumishi, na kuwatumia watoto wa kujitolea kuziba pengo hilo ni kuwaonea wao na wagonjwa. Tukiona msaidizi ameachiwa wodi, tunamwondoa, kisha tunakwenda kuzungumza na uongozi kwa heshima.

Idadi yetu itabaki ndogo. Hospitali haiwezi kuwa na wasaidizi wengi kuliko msimamizi anavyoweza kuwaangalia, na vijana wawili wanaotazamwa ni bora kuliko kumi wanaozurura. Pale nafasi za hospitali kubwa zinapokosekana, tunaomba kwenye vituo vya afya na zahanati zilizo karibu na kwao. Huko kijana ataona kliniki ya wajawazito, chanjo za watoto na foleni ya malaria, na sehemu kubwa ya kazi ya afya nchini ndiyo hiyo.

Tunaloliomba

Kila kamati ichague mtu mmoja wa kushughulikia jambo hili. Si lazima awe msomi. Awe mtu anayetunza siri na anayekumbuka tarehe. Kabla ya Desemba awajue vijana wa kidato cha sita wanaosoma sayansi katika eneo lake, wa kike na wa kiume, na hasa wale wasio na ndugu katika kazi ya afya. Aketi na kila mmoja na kumuuliza maswali mawili: unaweza kufagia, na unaweza kunyamaza? Akijibu ndiyo, mleteni kwetu.

Waliotutangulia hapa Kibaha waliiweka shule kando ya hospitali, lakini njia ya katikati hawakuweza kututembelea. Ni sisi wa kumshika mkono mtoto wa mkulima wa muhogo, kumfikisha kwenye mlango wa wodi, na kumwambia aingie polepole, kwa sababu ndani kuna watu wanaoumwa.